Siku Tuliyokataa Kuwa Wenyeji

Machungwa ya mapumziko hukatwa robo, na ganda libaki. Ukiyamenya, kijana anayapokea kwa mikono iliyojaa udongo na anakula udongo. Ukiyakata vipande vidogo vya harusini, anameza mbegu na kukohoa kipindi chote cha pili. Robo, ganda chini, afyonze, ganda litupwe ndani ya ndoo, si kwenye nyasi. Msiposhika neno lingine lolote katika haya mliyoniomba niwaandikie, shikeni hilo, maana nasikia Jumamosi iliyopita mliwapa wachezaji zabibu. Zabibu! Raga na zabibu wapi na wapi?

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Wafula. Nimepika katika jiko la shule yetu hapa Doornfontein tangu nikiwa na kiuno mpaka magoti yaliponiomba nikae chini. Nilikuja Johannesburg kutoka Bungoma, nimemfuata mume aliyepata kazi ya uhasibu, nikadhani nitakaa nyumbani nitazame televisheni. Wee! Mwezi haujaisha nilikuwa naongea na friji. Nikaenda shuleni kuomba kazi. Nyinyi mnaopokea sufuria sasa, vijana wa kanisani na wazazi wapya, wengi mmezaliwa hapa hapa. Nikiwasalimu kwa Kiswahili mnaelewa vizuri, halafu mnanijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Haidhuru. Someni polepole, na neno likiwa gumu mpelekeeni mama.

Kupikia timu ya raga si sawa na kupikia shule. Hilo nililijua kwa aibu. Mechi yangu ya kwanza niliwapikia githeri, mahindi na maharagwe, nikasema hiki ndicho chakula cha nguvu, nikawajaza sahani saa moja kabla ya mpira kuanza. Sasa, mnaijua skramu, pale wanane wanapoinama na kusukumana na wanane wa upande wa pili, vichwa vimebanwa mabegani, hakuna pa kukimbilia. Siku hiyo skramu ilivunjika kila ilipofungwa, na si kwa nguvu za mtu. Refa akaanza kupuliza filimbi akiwa mbali. Kijana mmoja wa wapinzani aliomba kutoka, na alipoulizwa anaumwa wapi, akashika pua.

Tulishinda. Ma Dlamini, mkuu wa jiko, mama wa Kizulu mwenye sauti ya kusimamisha lori, akanivuta pembeni. "Tumeshinda," akasema, "lakini si kwa njia ninayoweza kumsimulia mchungaji wangu."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Maharagwe baada ya mechi, kamwe si kabla. Supu ikishaiva, sufuria ifungwe blanketi, kwa sababu baridi ya Julai ya hapa haina huruma, na jiko la gesi likipelekwa uwanjani upepo unalizima. Pap, yaani ugali wa hapa, iwe ngumu, mtu aweze kuishika kwa vidole vilivyofungwa bandeji. Soseji zihesabiwe kwa ukubwa wa vijana, si kwa idadi yao. Na zaidi ya yote, alinifundisha adabu ya raga: mechi ikiisha, mwenyeji humlisha mgeni. Hata kama mgeni amekupiga pointi hamsini. Hata kama amemng'ata mtoto wako sikio. Mgeni anapewa kwanza, wenyeji wanafuata, na refa anapewa wa mwisho, akishatia sahihi matokeo, mtu asije akasema nyama ndiyo iliyonunua penalti.

Siku hizi najua mambo yamebadilika. Kuna kundi la WhatsApp, huyu hali ngano, yule hanywi maziwa, mwingine anakoroga poda ya protini kwenye chupa kama mtu anayechanganya simenti. Sawa, pikeni mnavyopika. Lakini nimesikia pia kwamba mmeanza kubishana kama mechi za ugenini zinahitaji chakula, na hapo ndipo nilipokubali kushika kalamu. Ngojeni niwaeleze habari ya Papa Bahati.

Papa Bahati alikuwa kocha wetu. Mtu wa Bukavu, mrefu, shati limepigwa pasi hata akija kuchimba mtaro. Alipofika mji huu vyeti vyake vya ualimu havikutambuliwa, kwa hiyo alifanya kazi ya ulinzi katika uwanja mkubwa wa raga. Sasa mlinzi wa uwanjani hatazami mpira. Anaupa mpira mgongo, anatazama watu, asije mlevi mmoja akaruka ua. Miaka yote hiyo Papa Bahati alijifunza raga kwa kusoma nyuso. Aliniambia alikuwa anaijua trai, mpira ukiwekwa chini ng'ambo ya mstari, kwa meno ya mashabiki, na penalti iliyokosa kwa namna jukwaa zima linavyoshika kichwa. Vyeti vilipokubaliwa akaja kwetu kufundisha Kifaransa, na kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka timu, wakampa yeye.

Na timu yenyewe ilikuwa timu gani! Shule yetu mnaijua, jengo lilikuwa karakana ya nguo, na kiwanja chetu ni lami. Mazoezi tulikuwa tunafanyia Jeppestown, kwenye uwanja wa kiwanda kimoja waliokuwa wanatuazima, nyasi za kahawia, ngumu kama zulia la ofisini. Lakini vijana walimpenda yule mtu. Kapteni wao, Dieumerci, mtoto wa dada mmoja msusi wa Joubert Park, alikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni, na alicheza utadhani kuna mtu anamkimbiza. Mwaka ule wakaingia kombe la taifa la shule, lile la mtoano, ukifungwa mara moja unarudi nyumbani. Wakashinda. Wakashinda tena. Ghafla tuko robo fainali, na mbele yake nusu fainali, itakayochezwa kwenye uwanja mkubwa. Ule ule.

Papa Bahati hakuwa mtu wa kupiga kelele, lakini jikoni kwangu watu husema ukweli. Alikuja akasimama mlangoni, akaniambia, "Mama, mara moja tu nataka kusimama mule ndani, uso ukielekea mpira." Mimi nikamwambia utasimama, Papa, utasimama mpaka miguu iume. Nilitaka hivyo kabisa. Nilimwombea hata kanisani, nikaomba na msamaha kwa kumsumbua Mungu kwa mambo ya mpira.

Robo fainali ilipangwa kuchezwa kwa wapinzani, shule kubwa ya mashambani huko, mwendo wa saa kadhaa. Sisi wageni, wao wenyeji. Wiki yenyewe bomba likapasuka chini ya uwanja wao, pakawa bwawa, na asubuhi bwawa likawa barafu. Waandalizi wakatuma ujumbe: mechi inahamia Johannesburg, uwanja wa kiwanda, Jeppestown. Basi. Hawakusema nani sasa ni mwenyeji.

Utaniuliza, hilo lina maana gani? Papa Bahati aliingia jikoni kwangu akiwa na kanuni za mashindano mkononi na jasho usoni.

"Mama Wafula, Jumamosi hapana pikia bageni."

"Ati nini?"

"Sikiliza. Pointi zikilingana, wanaangalia trai. Trai zikilingana, timu mgeni ndiyo inapita. Mgeni, Mama! Kwa sababu mwenyeji alikuwa kwao, alikuwa na nafasi yake. Bale ndio benyeji. Sisi ni bageni. Kama tunabapikia, tunakuwa benyeji."

"Papa, watu watoke mbali na baridi hii, wasimame wakinusa sufuria yangu?"

"Basi chakula ni ya batoto yetu tu. Uifiche kwenye gari."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikakubali kukificha, lakini kiasi hakunipangia, na mimi sijui kupika kidogo. Naye akawapanga vijana mstari akawasomea sheria. Hakuna kumwambia mtu karibu. Hakuna kutoa kiti. Viti vyetu vya plastiki vikae vimepinduliwa nyuma ya gari. Mtu akiuliza choo kiko wapi, hata sisi ni wageni hapa. Dieumerci alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi basi lao likafika. Kocha wao, bwana mmoja mnene mwenye kofia, alishuka mkono ukiwa umeshanyooshwa. "Asanteni sana kwa kutupokea!" Nikajua mara moja: naye amesoma kanuni.

"Hapana, hapana," akasema Papa Bahati, "asanteni nyinyi kwa kutualika."

"Uwanja wenu mzuri sana!"

"Si wetu. Tulidhani ni wenu."

Haki ya Mungu, watu wazima wawili walishikana mikono pale wakishukuriana kwa hasira. Yule bwana akatoa kibendera cha shule yao, zawadi ambayo mgeni humpa mwenyeji. Papa Bahati akatoa cha kwetu. Kila mmoja akamsukumia mwenzake na kukataa cha mwenzake, na vibendera vyote viwili vikaishia kwenye vumbi. Kijana wao mmoja akamwuliza mchezaji wetu wa skramu choo kilipo. Huyu mtoto alikuwa ametumia choo hicho miaka miwili. Akatazama huku, akatazama kule, akasema, "Eish, bro, hata mimi natafuta."

Mapumziko, wetu wanafyonza machungwa. Wale hawana kitu, maana mgeni haji na machungwa. Wamesimama mikono kwapani, midomo imekauka, wanatutazama. Papa Bahati akaniangalia kwa jicho la onyo. Nikachukua ndoo ya yaliyobaki nikapita nayo kando ya mstari, karibu na wale vijana kamba ya kiatu ikanisumbua, nikaiweka ndoo chini, nikaenda kuifunga mbali kidogo. Niliporudi yalikuwa maganda matupu. Nikamwambia Papa Bahati tumeibiwa, na kuibiwa si kukaribisha.

Mechi ilikuwa kali. Tulitangulia, wakarudisha, tukatangulia tena. Dieumerci aliweka trai ya pili akiwa na watu wawili mgongoni. Mwishoni kabisa wakapata penalti mbele ya nguzo, mkwaju ambao hata mimi na gauni langu ningeupiga. Kumi na saba kwa kumi na saba. Trai mbili kwa mbili. Filimbi.

Wote tukageuka kumtazama Oom Gert. Oom ni mjomba kwa Kiafrikana, na huyu alikuwa mzee aliyetumwa na waandalizi, mwalimu mstaafu mwenye blezi na miwani, mtu wa haki, hana papara. Akapiga simu, akaongea sana, akarudi. Akasema ameambiwa hivi: uwanja si wa shule yoyote, kwa hiyo mwenyeji ni yule aliyewapokea wenzake leo. Aamue yeye hapo hapo.

"Nani alifungua geti?" Mlinzi wa kiwanda. "Nani alichora mistari?" Watu wa kiwanda. "Mpira?" Wa refa. "Nani amemlisha nani?" Harufu ya mchuzi wangu ilikuwa inatoka garini waziwazi, lakini kila mtu akajifanya ana mafua. Vijana thelathini wamechafuka, wanatetemeka, matumbo yananguruma, hakuna hata mmoja anayethubutu kusema hapa kuna chakula.

Oom Gert akashusha pumzi. "Basi ikiwa hakuna aliyempokea mwenzake, narudi kwenye ratiba ya mwanzo. Wenyeji ni hawa," akamwonyesha bwana wa kofia, "na wanaopita ni..." Akatoa kalamu mfukoni. Akatafuta pa kuegemeza karatasi. Nikamshika mkono mama aliyekuwa kando yangu, hata simjui.

Macho ya Papa Bahati yalikuwa kwenye ile kalamu. Halafu nikayaona yanaondoka.

Getini alikuwa ameingia mama mmoja mzee, mwalimu mkuu wa wale wapinzani. Dereva wake alipotea, maroboti, taa za barabarani, hayakuwa yanafanya kazi, wakazunguka Jeppestown mpaka akaamua kushuka na kutembea. Alikuwa na fimbo, viatu vyeupe kwa vumbi, anahema. Watu wake wote walikuwa wamempa mgongo, wamemzunguka Oom Gert. Akafika pembeni ya uwanja akasimama, ameegemea fimbo kwa mikono miwili, anatafuta pa kukaa, na pa kukaa hapakuwapo.

Nikasema moyoni, Papa, tulia. Papa, nakuomba, tulia hapo hapo.

Hakutulia. Nadhani hata hakujua anafanya nini. Aliruka mpaka nyuma ya gari, akapindua kiti, akakipangusa kwa mkono wa shati lake lile la pasi, akakipeleka mbio. Akamshika yule mama kiwiko, akamketisha. "Karibu, mama. Karibu sana kwetu. Pole na safari." Kisha akageuka akapaza sauti, mtu asiyepaza sauti: "Mama Wafula! Chai!"

Ningefanya nini? Nilimimina. Nikatia sukari vijiko viwili, na andazi kwenye sahani.

Oom Gert akavua miwani. Akaja pole pole, akasimama mbele ya Papa Bahati, na naapa yule mzee hakutaka kuuliza. "Kocha," akasema, "hii ni heshima tu kwa mtu mzima, ama ni mgeni wako?"

Hapo ndipo Papa Bahati alipozinduka. Nilimwona anakitazama kiti, anakitazama kikombe, anawatazama vijana wake. Alikuwa amepewa mlango wazi. Neno moja tu, heshima, na tunapita. Lakini yule mama alikuwa amekaa pale pale, kikombe mkononi, amemwinulia uso, anangoja naye kusikia yeye ni nani.

"Ni mgeni wetu," akasema Papa Bahati.

Oom Gert akaandika: wenyeji ni sisi, wanaopita ni wale.

Sitawadanganya kwamba vijana walipiga makofi. Yule wetu wa skramu alivua kiatu akakirusha hadi ukutani. Wengine walilia, na mimi nililia kuliko wao, nililia kwa hasira, nikitaka kumpiga mtu na mwiko na sijui nimpige nani. Dieumerci alikaa chini muda mrefu, kichwa katikati ya magoti. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho; hakuna kombe lingine lililokuwa linamngoja. Kisha akainuka, akaenda garini, akatoka na sufuria kubwa, akaiweka katikati ya uwanja. "Kama ni wageni, wale basi," akasema, "tusifungwe na kusemwa pia." Akamjazia kapteni wa wapinzani sahani ya kwanza. Walikula, nyinyi! Walikula mpaka nikasikia mwiko unakwaruza chini. Yule bwana wa kofia hakuweza kumtazama mtu machoni, lakini sahani aliimaliza na akaongeza.

Jumatatu Papa Bahati akaja jikoni kunywa chai, kama kawaida yake. Shati limepigwa pasi. Macho mekundu. Mimi nilikuwa nimejiandaa tangu Jumamosi, maneno nimeyapanga mstari, na nikayaanza.

"Papa, dakika moja tu. Ungengoja dakika moja, yule mzee atie sahihi, halafu ungempa yule mama hata kochi. Hata kitanda! Nani angekukataza? Dakika moja, Papa!"

Alikizungusha kikombe mezani. Hakukasirika, hata hakujitetea. Aliniangalia tu, mtu aliyejiuliza swali hilo hilo usiku kucha akapata jibu moja.

"Mama," akasema, "alikuwa amesimama."